Kitambaa Kilichokataa Kulala

Ninajua kufuma vitambaa. Nasema mapema ili mcheke sasa, mmalize, tuendelee. Mimi huyu huyu, mzee mwenye wajukuu, niliyefundisha hesabu tangu nikiwa na nywele zote kichwani, ninaweza kukaa na sindano ya ndoano na bonge la uzi nikakufumia kitambaa cha kutandika juu ya kiti cha sebuleni. Akina mama wa kanisani kwetu hapa Kitale waliposikia, hawakuamini. Walinipa uzi mweupe wakasimama kunizunguka kama wasimamizi wa mtihani. Nilipita. Mzee mwenzangu mmoja akaniuliza kama sasa nitahamia ushirika wa akina mama, nikamwambia nitahamia bora kuwe na chai.

Ninyi vijana mliotoka chuoni juzi huwa mnanijia hapa nyumbani na swali lile lile. Mnaniuliza mfanye nini na mtoto anayemaliza hesabu kabla hamjamaliza kuiandika ubaoni, kisha anaanza kuchungulia dirishani, kuchora, kuzungumza na jirani. Mmoja wenu aliniambia yeye humpa hesabu kumi za ziada. Si hiyo ni adhabu, bana? Mtu akimaliza kulima kipande chake mapema unampa cha jirani pia? Kesho atalima polepole, na utakuwa umemfundisha wewe mwenyewe.

Sasa nitawaambia nilivyokosea, na nilikosea vibaya.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nafundisha hapa Kitale, na nilijiona nimeiva. Shuleni tulikuwa na Mwalimu Gathogo, mzee aliyekaribia kustaafu. Watu wao walitoka upande wa Nyeri zamani wakanunua shamba huku Trans-Nzoia, na yeye alizaliwa huku huku, akawa anaongea Kibukusu cha kuchekesha na Kikuyu cha kuchekesha pia. Huyo mzee alikuwa na kipande cha ubao. Alikuwa amepigilia misumari mistari miwili iliyokutana kwenye kona, ishirini upande huu na ishirini upande ule, akaipa namba kuanzia konani. Alifunga uzi kutoka msumari wa kwanza wa upande mmoja hadi wa ishirini wa upande mwingine, wa pili hadi wa kumi na tisa, wa tatu hadi wa kumi na nane, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila uzi umenyooka kabisa. Lakini ukirudi nyuma hatua mbili unaona mstari uliopinda vizuri, laini, na hakuna mtu aliyeupinda.

Mara ya kwanza kuuona nilisimama pale kama ng'ombe aliyefika kwenye lami. Nikaenda nyumbani kutengeneza wangu. Sikupima, nilikadiria kwa jicho, na misumari ikakaa kama meno ya mzee. Hakuna mstari wowote uliopinda, ilikuwa vurugu tu ya nyuzi. Gathogo alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia hesabu haisaidiwi na haraka, nitoe misumari yote nianze na rula.

Jambo lingine alilonifunza ni kuacha misumari kabisa ukiwa na darasa kubwa, maana utatumia mwezi mzima kufunga vidole vilivyogongwa na nyundo. Chukua katoni. Ya sabuni ni bora kuliko ya biskuti, haikunjiki. Toboa kwa ncha ya bikari. Uzi wa gunia hukatika, kwa hiyo fumua sweta kuukuu, kila nyumba ina sweta moja iliyokufa viwiko. Na usiwaambie watoto kwamba kila jozi ya namba inajumlika kuwa ishirini na moja. Nyamaza tu. Kuna atakayeliona, na siku akiliona atakuja kukushika mkono.

Ule mwaka elimu ya msingi ilipofanywa bure, darasa lilijaa mpaka watoto wakakaa kwenye sakafu. Walikuja watoto wa Kipsongo, mtaa wa mabanda hapa mjini, ambao hawakuwa wamewahi kushika kalamu, wengine wakubwa kuliko darasa lao. Gathogo aliweka ubao wake dirishani bila kusema neno, pamoja na uzi na katoni tupu, kisha akaketi kusahihisha madaftari. Huku anasahihisha anaangalia kwa pembe ya jicho ni nani anasogea. Aliyesogea, huyo ndiye aliyefuatwa naye. Hakujali alikuwa namba ngapi darasani.

Mimi niliona uzi. Lile dirisha sikuliona, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia.

Baadaye nikahamishwa kurudi kwetu Bungoma, shule moja upande wa Bokoli, nikapewa hesabu za darasa la saba. Nilifika na katoni zangu nikijiona mtaalamu kutoka Kitale. Nikaunda kundi la Ijumaa jioni, la kutengeneza mapambo ya hesabu, na nikaliwekea sheria: wataingia kumi wa kwanza kwenye mtihani. Pale shuleni watoto walikuwa wanaketi kwa namba. Namba moja mbele kabisa, wa mwisho nyuma karibu na ukuta, hata wageni wakija wanajua nani ni nani bila kuuliza. Kwa hiyo kundi langu lilikuwa madawati mawili ya mbele. Watoto wazuri, wenye adabu. Walishona nilichowaambia, wakanyamaza, wakaniuliza kama itakuja kwenye mtihani.

Nyuma karibu na ukuta alikaa msichana anaitwa Nasimiyu. Mama yake alikuwa anauza vitambaa na sweta sokoni Misikhu. Mtoto mwenyewe alikuwa mpole, mwembamba, na alikuwa na ugonjwa mmoja ulionichosha sana: alikuwa anaandika jibu tu. Unampa swali la mistari sita, analeta namba moja. Na mimi, wanangu, dini yangu ilikuwa njia. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na nikafundisha hivyo. Jibu bila njia ni sifuri. Nilikuwa naandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: NJIA IKO WAPI? Ukifungua daftari lake ungedhani ni tangazo.

Siku moja nikamwita nikamwambia amenakili jibu la swali moja gumu. Nilimwambia mbele ya wote. Baadaye, nikiwa nimekaa na madaftari, nikatazama la jirani yake wa kulia na la jirani yake wa kushoto. Wote wawili walikuwa wamekosa swali hilo. Sasa alinakili kwa nani, kwa ukuta? Hata hivyo sikubadilisha zile alama. Nilikuwa mkaidi, na sijui kwa nini nasema nilikuwa.

Na alama hizo hazikuwa mchezo. Mwisho wa mwaka shule ilikuwa inaandika orodha ya watakaorudia darasa la saba, ili wasije kuteremsha wastani wa darasa la nane kwenye mtihani wa taifa. Jina la Nasimiyu lilikuwa ndani kwa sababu ya hesabu, na hesabu ilikuwa kalamu yangu. Mama yake alikuwa amekwisha kutuma ujumbe: akirudishwa, hatarudi. Atakaa naye sokoni wauze vitambaa pamoja, kwa sababu hana nguvu ya kusomesha darasa moja mara mbili. Nilisikia ujumbe huo nikasema, basi aandike njia.

Wiki mbili kabla ya kikao cha orodha, nikiwa ubaoni, nikaona kichwa cha Nasimiyu kimeinama na viwiko vinatembea. Nikaenda taratibu. Chini ya dawati alikuwa anafuma. Nikanyoosha mkono, akanipa. Kitu chenyewe kilikuwa cha ajabu. Vitambaa ninavyovijua hulala bapa juu ya meza. Hiki kilikuwa kimejikunja na kupanda juu, kimejaa mawimbi ukingoni, kama kabichi. Nikakiinua darasa likione. Nikasema hata kufuma kwenyewe hawezi, ona alivyokiharibu. Darasa likacheka. Kisha nikashika ncha ya uzi nikavuta.

Hamjui uzi unavyotoka haraka. Nilivuta huku naongea, ati hapa ni shule si soko la Misikhu, na kitambaa kikaisha mkononi mwangu, mzunguko kwa mzunguko, mpaka kikabaki fundo dogo. Nasimiyu hakulia. Aliinama akaokota uzi sakafuni akawa anauviringisha. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, haikuwa imeharibika."

Nikachukua daftari lake pia, maana nilikuwa nimepandwa na hasira. Nikaondoka nalo.

Nilipofika nyumbani nililitupa mezani nikaomba chai. Mke wangu ni mfumaji. Nyumba yetu ina kitambaa juu ya kila kitu kisichotembea, na nilikuwa naviona kila siku bila kuvitazama. Akalifungua lile daftari upande wa nyuma, ambako mimi sikufika kwa sababu hakuna cha kusahihisha huko. Akafuata namba kwa kidole. Kisha akaniita nije nione.

Kulikuwa na safu tatu za namba. Ya kwanza: sita, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na nne, na mbele yake ameandika "inalala". Ya pili: sita, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, "kofia". Ya tatu: sita, kumi na mbili, ishirini na nne, arobaini na nane, tisini na sita, mia moja tisini na mbili, na mbele yake, "inakataa kulala. Kwa nini?" Mke wangu alinieleza polepole kama mimi ndiye mwanafunzi. Kila mzunguko una vitanzi. Ukiongeza sita kila mzunguko, kitambaa kinalala bapa. Usipoongeza, kinajikunja kinakuwa kofia. Huyu mtoto alikuwa anazidisha mara mbili kila mzunguko, kwa makusudi, aone kitambaa kitafanya nini kikikosa nafasi.

"Baba Wekesa," akaniambia, "wewe umefumua hesabu ya mtoto."

Chai yangu sikuinywa. Niliona aibu, na si ile aibu ya kukosea ubaoni ukafuta ukaendelea. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikitafuta watoto wa kupinda mistari kwa katoni, na huyu alikuwa amekaa nyuma anapinda kitambaa kizima kwa namba, peke yake, bila katoni yangu wala kundi langu la Ijumaa. Nilikuwa nimemwekea sifuri. Kisha nikamfanya achekwe na darasa.

Nikamwambia mke wangu anifunze. Alidhani natania. Nilianza jioni ile ile, na vidole vyangu vilikuwa vinene kama mahindi. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa na vitanzi saba badala ya sita, cha pili sikujua kilikuwa na vingapi. Nilikipeleka shuleni nikawa nafuma wakati wa chai ofisini mwa walimu. Wanaume wenzangu walinimaliza. Mmoja aliniuliza nitasuka nywele lini, apange foleni. Madam Khisa, mwalimu wa darasa la pili, ndiye aliyenihurumia, akawa ananionyesha mahali nilipopotea. Ilinichukua siku nne kufika mzunguko wa sita, ule wa vitanzi mia moja tisini na mbili, na niliapa sitamwambia mtoto yeyote tena kwamba kazi hiyo ni mchezo.

Siku ya tano niliingia darasani nikakiweka kitambaa changu juu ya dawati la Nasimiyu. Kilikuwa kichafu na kimelegea lakini kilikataa kulala sawasawa. Nikawaambia darasa kwamba siku ile mimi ndiye niliyeharibu. Nilisema hivyo, mbele ya wote, kama nilivyomtukana mbele ya wote. Ulimi ulikuwa mzito, msifikiri ni rahisi. Nasimiyu alikigeuza geuza, akahesabu kwa kidole, akaniambia mzunguko wa nne umekosa vitanzi viwili. Ilikuwa kweli.

Lakini pole yangu haikumtoa kwenye orodha. Nilikwenda Misikhu Jumamosi kumwona mama yake. Nilimkuta nyuma ya meza yake, vitambaa vimepangwa kwa ukubwa, na nilipojitambulisha hakuniambia karibu. Nikamwomba asubiri kikao kwanza kabla ya kuamua. Akasema, "Mwalimu, mimi sijasoma, lakini tangu yuko darasa la nne ndiye ananihesabia vitanzi vya mifano yote ya sweta. Wewe ulikuwa unahesabu nini?" Nilinunua kitambaa kimoja nikarudi nyumbani, na mke wangu akaniuliza tunakiweka wapi kingine.

Kikao kilifanyika saa ya chai, ofisini mwa walimu, karatasi ya majina ikiwa katikati ya meza. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa haki lakini wa sheria, asiyependa mambo kugeuzwa dakika ya mwisho. Nilisimama nikasema alama za Nasimiyu nilizikosea. Akauliza kama majibu yalikuwa na njia. Nikasema hayakuwa nayo. Akasema basi sikukosea. Nikatoa lile daftari, nikaeleza habari ya sita sita. Akamgeukia Madam Khisa akamuuliza kama ni kweli. Madam Khisa akasema ni kweli, ni sita daima, alifunzwa na mama yake. Kwa nini sita? Akasema ndivyo inavyofanywa.

Mwalimu mkuu akaagiza mtoto aitwe. Alipoingia alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mwalimu mkuu alimuuliza kitambaa kinacholala kina vitanzi vingapi kwenye mzunguko wa thelathini. Hata hakupumua. Akasema mia moja themanini.

"Njia iko wapi?" mwalimu mkuu akauliza.

Hayo yalikuwa maneno yangu, nilikuwa nimeyaandika mara ngapi kwenye daftari lile, na sasa nilitamani kuyala. Nasimiyu alitazama meza. Tulikuwa tunatumia vikombe vya bati, vyote saizi moja. Akasema, "Naomba kikombe chako, mwalimu." Mwalimu mkuu, kwa mshangao, akampa na chai ndani. Akakiweka katikati. Kisha akapita akichukua vikombe vyetu kimoja kimoja, akavipanga kukizunguka, vikigusana. Viliingia sita, sawasawa, kana kwamba vilitengenezwa kwa kazi hiyo. Akajaribu cha saba, hakikupata pa kukaa.

Akaeleza bila haraka. Cha katikati ni pale unapoanzia. Kinachokizunguka ni sita, huwezi kubadilisha. Ukizungusha tena nje ya hivyo, vitaingia kumi na mbili, na nje ya hivyo kumi na nane. Kila mara sita zaidi. Ukilazimisha vingi kuliko hivyo, vitapandana, na kitambaa ndiyo hivyo hivyo, kinapanda juu kwa sababu chini hakuna nafasi.

Madam Khisa alikuwa ameshika shavu. Miaka yote anafuma, na leo ndiyo anaambiwa na mtoto wa darasa la saba.

Mwalimu mkuu alikohoa. Akaniambia niandike kwenye kitabu cha alama kwamba kosa la kusahihisha lilikuwa langu, nitie sahihi, na mtoto aende darasa la nane. Niliandika. Sijawahi kutia sahihi kwa furaha kama siku hiyo, hata siku ya harusi yangu. Nikamwambia Nasimiyu arudi darasani, na kwamba jioni akamwambie mama yake.

Alisema asante. Akafika mlangoni akasimama. Alikuwa anaiangalia ile karatasi ya majina juu ya meza, majina kumi na matatu yaliyobaki, na mengi kati yao ni ya hesabu, yaani ni yangu.

"Mwalimu," akasema, "na Makokha je? Yeye pia haandiki njia. Anasema njia ni ndefu kuliko jibu. Lakini hakuna mtu amewahi kumuuliza."

Wenzangu walinitazama. Mimi nilitazama karatasi. Niliyajua yale majina yote, nilijua kila mmoja anakaa wapi pale nyuma, na sikujua kitu kingine chochote juu yao.

Mwalimu mkuu akamwambia Nasimiyu akamwite Makokha. Akatoka mbio. Madam Khisa akainuka aanze kumrudishia kila mtu kikombe chake, na mwalimu mkuu akamwambia aviache hapo hapo vilivyo.